Mbegu ya nyanya ya kuhimili joto kanda ya ziwa: tuhesabu vichala, tuachane na maneno ya pakiti

Jabali la Igombe (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuanzia mwishoni mwa mwezi wa nane mpaka mvua za vuli zikolee, ingia duka lolote la pembejeo hapa Mwanza utamkuta mtu anaulizia "mbegu ya joto". Muuzaji anageuka, anashusha pakiti yenye picha ya nyanya nyekundu, anasema hii ndiyo inahimili. Muulize inahimili joto la kiasi gani, na ni kitu gani kinachohimili, mazungumzo yanaishia hapo.

Nalima nyanya mwambao wa Ilemela, nimepita kwenye mbegu za kawaida na za chotara, na msimamo wangu ni huu: uvumilivu wa joto hauonekani kwenye jani. Unaonekana kwenye kichala kilichofungua maua wakati wa jua kali. Mnyanya unaweza kuwa wa kijani, shina nene, majani yamesimama saa nane mchana, na bado ukapukutisha maua yote.

Sababu ni hii. Nyanya inapenda mchana wa nyuzi 21 hadi 27 na usiku wa nyuzi 15 hadi 20. Mchana ukipita 32, au usiku ukagoma kushuka chini ya 21, uharibifu unafanyika ndani ya ua kabla halijafunguka. Chavua ndiyo inaumia kwanza, na kipindi chake kibaya ni kama siku 7 hadi 15 kabla ya ua kuchanua. Ndiyo maana mtu anashangaa wiki hii kuna mawingu na upepo mzuri lakini maua yanadondoka. Joto lililoyaharibu lilishapita.

Jambo la pili unaliona kwa macho. Chuma ua lililochanua, litazame kwa karibu. Sehemu ya kiume imejifunga kuizunguka ile ya kike, na kwa kawaida ncha ya kike inabaki ndani, kwa hiyo ua linajichavusha lenyewe. Joto likizidi, aina nyingi zinarefusha ile ncha ya kike mpaka inachomoza nje. Chavua ikidondoka haiipati. Ukiona maua mengi yamechomoza ulimi, hata umwage busta lita ngapi, kichala hicho usikitegemee sana.

Sasa mbegu. Money Maker ambayo wazee wetu waliizoea ni ya Uingereza, ilipendwa kwa vitalu vya vioo. Huku kwetu inazaa, ila ni laini, inapasuka, na kwenye joto mimi siitumii. Cal J na Roma VF ni fupi, zinatoa maua kwa mkupuo, kwa hiyo joto likikupata wiki ile ya maua umepoteza msimu mzima. Rio Grande naiona ina nafuu kidogo. Tanya na Tengeru 97 zimetoka kwetu, Tengeru kule Arusha, ngozi yake ngumu, inakaa baada ya kuvunwa, na kwangu zinashika matunda kwa kiasi cha kuridhisha. Za chotara ziko nyingi na kila mwaka jina jipya. Nitazitaja kadiri tunavyoendelea.

Naomba uzoefu wenu, hasa wa Magu, Misungwi, Sengerema na visiwani. Tafadhali mtu asilete jina la mbegu bila kusema maua yalifunguka mwezi gani.

nyamhongolo_boy

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, sisi wengine bando ni la kuungaunga, taja mbegu moja tu tukanunue, maelezo tutasoma jioni.

Jabali la Igombe

Nikikutajia moja bila kujua shamba lako lina mnyauko au halina, nitakuwa nakuuzia mbuzi kwenye gunia. Una udongo gani na unapanda lini?

nyamhongolo_boy

Kichanga cheusi kidogo, karibu na mkondo wa maji. Nataka niuze Krismasi.

Bwanashamba Mstaafu

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini naomba niweke breki.

Mwanza siyo Dodoma wala siyo Tanga. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Joto la juu kwa wastani linazunguka nyuzi 28 hadi 30, na usiku linashuka mpaka 15 hadi 19 kutegemea mwezi. Kwa namba hizo hizo ulizoandika wewe, usiku wetu ni wa nyanya kabisa. Watu wanasema joto kwa sababu wao wenyewe wanatoka jasho.

Nilipokuwa kazini, kila nilipoitwa kwa "maua yanapukutika kwa joto", kitu cha kwanza nilikuwa nauliza ni urea. Mtu ameweka urea mara mbili, mnyanya umejaa majani kama mchicha, halafu anategemea matunda. Cha pili ni maji: leo anamwagilia mpaka dimbwi, halafu siku tatu pampu haina mafuta. Cha tatu ni vithiripi ndani ya maua, wadudu wadogo sana, ukigonga ua juu ya karatasi nyeupe wanatembea. Cha nne, na hiki ni cha wenzetu wa mwambao hasa, ni unyevu wa hewa. Asubuhi pembeni ya ziwa hewa ni nzito, chavua inagandana haimwagiki. Hapo hakuna joto lolote.

Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu ya bei mbaya, nunua kipimajoto kile kinachoonyesha kiwango cha juu na cha chini cha siku, kitundike kivulini kwenye kimo cha maua, andika kila asubuhi.

Jabali la Igombe

Shikamoo mzee. Hoja ya urea na maji naikubali yote. Ila wastani unaficha mambo.

Ule wastani ni wa kipimo kilicho ndani ya kisanduku cheupe chenye hewa, uwanja wa wazi. Bustani zetu nyingi ziko katikati ya majabali. Mawe yanakunywa jua mchana kutwa, na usiku ukiyashika saa tatu bado yana uvuguvugu. Kichanga kisicho na matandazo nacho kinarudisha joto juu kwenye vichala vya chini. Halafu wastani wa 29 unamaanisha zipo siku za 26 na zipo siku za 33, na zile za 33 haziji moja moja, zinakuja zimefuatana, hasa mvua ya vuli ikichelewa. Siku chache za namna hiyo zikiangukia kipindi kile cha chavua, vichala viwili vimekwenda.

Kipimajoto naunga mkono asilimia mia. Tena mtu akishaandika, ajumlishe cha juu na cha chini agawanye kwa mbili. Wastani wa siku nzima ukikaa kwenye 25 nyanya inazaa raha mstarehe. Ukifika 29, matunda yanapungua idadi na uzito hata kama mchana hujaona jua la kutisha.

Bwanashamba Mstaafu

Marahaba. Hilo la majabali nimelielewa. Tuseme basi kwamba kwetu joto linakuja kwa vipindi, halikai. Hapo tunaweza kwenda pamoja.

Fundi Kitalu

Wazee mnabishana kuhusu nje, njooni ndani ya kitalu nyumba muone. Nimejenga vitalu vingi Ilemela na Nyamagana na wateja karibu wote wanataka plastiki ifunike mpaka chini "wadudu wasiingie". Saa saba mchana humo ndani kipimajoto kinapita 38 bila wasiwasi. Mtu amepanda Anna F1 (F1 maana yake chotara), mbegu nzuri ndefu ya kitalu, vichala vya chini vimejaa, kuanzia cha nne kwenda juu ni vijiti vitupu. Anailaumu mbegu.

Kwa hali yetu ya ziwa, kitalu kiwe kirefu kwenda juu, pembeni wavu mtupu, na juu kuwe na tundu la kutolea hewa moto. Anayeogopa gharama aache plastiki kabisa, aweke kivuli cha wavu wa asilimia 30 hadi 40 kwa wiki za jua kali tu, halafu autoe. Ukiuacha muda wote miche inarefuka kutafuta mwanga.

Na ndani hakuna upepo. Gonga kamba zilizoshikilia miche kila siku kuanzia saa nne mpaka saa sita asubuhi, chavua ikiwa kavu. Ua la nyanya linamwaga chavua likitikiswa. Nje kazi hiyo inafanywa na upepo na nyuki wale wanaonguruma.

Dalali wa Buhongwa

Mimi nipo upande wa sokoni, nyanya napokea matenga kwa matenga, na nina neno kwa wapenda mbegu za joto.

Nyingi ya hizo "zinazoshika" kwenye jua mnaniletea tunda dogo. Idadi kubwa, uzito mdogo. Mnunuzi wa jumla anataka ya mviringo wa yai, ngumu, ya kujaa kiganjani, ambayo ikipanda gari mpaka Geita au Bariadi inafika haijavuja. Tunda dogo linaishia sado za mitaani kwa bei ya huruma.

Na lile tatizo la rangi. Msimu wa jua naletewa nyanya za njano-chungwa, mkulima anaapa zimeiva. Kweli zimeiva, ila mteja hazitaki.

Jabali la Igombe

Dalali umegusa penyewe. Ule wekundu unatengenezwa na kitu kinaitwa laikopini, na joto la tunda likipita nyuzi 30 na kidogo utengenezaji wake unasimama, lakini ile rangi ya njano inaendelea. Dawa yake siyo mbegu peke yake. Vuna zikianza tu kubadilika rangi kitakoni, zimalizie kuiva kivulini penye hewa. Usizipange juani kwenye turubai. Na usiondoe majani kama unanyoa. Majani ndiyo mwavuli wa tunda, tunda likipigwa na jua moja kwa moja linababuka upande mmoja likawa jeupe.

Kuhusu udogo, hilo ni la asili kabisa. World Vegetable Center, wale wa Taiwan walioitwa zamani AVRDC na wenye tawi Arusha, miaka ya 1970 walipima maelfu ya mbegu za nyanya kutoka duniani kote kwenye joto. Zilizoonekana kuhimili hazikufika asilimia 1, na nyingi yake zilikuwa na matunda madogo. Kazi ya watafiti tangu hapo imekuwa kuunganisha uvumilivu huo na tunda la kuuzika. Angalieni hata vile vinyanya vidogo vinavyojiotea jalalani: jua lote lile na matunda tele.

Mama Ntilie wa Kirumba

Samahani wanangu, mimi silimi, ninanunua. Hizo ngumu mnazozisifia mnazijua mnapozipika? Unakaanga dakika ishirini bado kipande kinakutazama. Sato wa kuchemsha anataka nyanya yenye maji na uchachu. Ile laini ya zamani mnayoisema inapasuka ndiyo tamu. Mnachagua kwa ajili ya lori, sisi wa sufuria hamtuulizi.

Dalali wa Buhongwa

Mama, ungelipia gharama ya zinazooza njiani tungekuletea hizo laini.

Mama Ntilie wa Kirumba

Igombe na Kirumba kuna njia gani hapo ya kuozea nyanya? Boda dakika chache.

Jabali la Igombe

Mama ana hoja. Aliye karibu na mji hahitaji ngozi ya kusafiri kwenda Bariadi. Nimeweka akilini.

Ng'wana Kwimba

Wabeja sana mleta uzi. Ila naona mnazungumza joto peke yake kana kwamba linakuja peke yake. Huku kwetu likija linakuja na ndugu zake.

Kwanza rasta. Jua likikaza, inzi weupe wanazaliana kwa kasi, na wao ndio wanaobeba kirusi kinachokunja majani na kuyafanya ya njano. Mche ukishikwa mapema haukui tena, maua yanadondoka, mtu anasema joto. Pili kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda, huyo hata sina haja ya kumweleza mtu wa kanda hii. Tatu, na ndiye muuaji, mnyauko wa bakteria. Udongo ukipata moto na unyevu ndipo anapofurahi. Leo mnyanya una matunda, kesho mchana umelala, keshokutwa umekufa ukiwa na majani ya kijani.

Kuna mtu hapa jirani alinunua chotara ghali ya "joto", ikashika matunda vizuri ajabu. Nusu ya shamba ikanyauka kabla ya mchumo wa pili. Sasa hiyo ilihimili nini?

Kwa asiyejua kutofautisha: kata shina la mche ulionyauka karibu na ardhi, kitumbukize kipande kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe wa maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, hao ni bakteria. Hakuna dawa ya kupuliza. Usipande nyanya hapo, wala viazi mviringo, wala pilipili, wala mbilingani kwa misimu kadhaa.

Bwanashamba Mstaafu

Naongezea kwa Ng'wana Kwimba, na hapa ndipo pa kusoma pakiti kwa akili.

Herufi zilizoandikwa nyuma ya jina zina maana inayoeleweka. V na F ni minyauko miwili ya fangasi, hivyo Roma VF imebeba kinga hizo. N ni minyoo fundo. TYLCV ni kirusi cha rasta. Kinga hizi nyingi zinasimamiwa na kinasaba kimoja au viwili, mtafiti anaweza kukifuatilia na kukiingiza kwenye mbegu, kwa hiyo ukisoma Assila F1 ina kinga ya TYLCV kuna kitu cha kushika. Joto halina herufi. Uvumilivu wake unatoka kwenye vinasaba vingi, kila kimoja kinachangia kidogo, na unabadilika kutoka shamba hadi shamba. Neno "inahimili joto" kwenye pakiti ni maelezo ya muuzaji, linaweza kuwa kweli kule lilikojaribiwa.

Halafu kuna mtego ambao wengi hawaujui. Ile kinga ya minyoo fundo, N, inalegea udongo ukipita nyuzi 28. Yaani mbegu yenye N kwenye kichanga cha ziwa kisicho na matandazo, jua la mwezi wa tisa, inaweza kuota vifundo kwenye mizizi kama haina kinga kabisa. Mkulima anang'oa, anaona vifundo, anasema ameuziwa mbegu feki.

nyamhongolo_boy

Duh. Hiyo ya nyuzi 28 sikuwahi kuisikia. Kwa hiyo kichanga changu nifanyeje?

Bwanashamba Mstaafu

Tandaza. Majani ya mpunga, nyasi kavu, chochote kisicho na mbegu za magugu, unene wa kiganja. Udongo unapoa, maji yanakaa, na kuoza kitako kunapungua kwa sababu maji hayapandi na kushuka. Samadi iliyoiva ya kutosha. Na zungusha zao: mahindi au vitunguu kabla ya nyanya.

Nansio Moja

Salaam kutoka Ukerewe. Nimesoma yote, mada nzuri, ila naona mmelisahau jambo la bure kabisa: tarehe.

Kwenye kitalu cha miche nyanya inakaa wiki 3 hadi 4. Ukishahamisha miche shambani, wiki nyingine 3 hadi 4 maua yanaanza. Kutoka ua hadi tunda kuiva ni wiki 6 hadi 8. Ukisia mwezi wa tano, maua yanafunguka mwezi wa saba, usiku una baridi ya kupendeza, matunda yanashika hata kwa mbegu ya bei ya chini. Ukisia katikati ya mwezi wa saba, maua yanakutana na mwezi wa tisa, ndipo hapo unaanza kutafuta mbegu ya miujiza.

Sisi wa visiwani tunafukuza ukame wa Juni mpaka Septemba, tunavuta maji ziwani kwa pampu, rasta tunapambana nayo, ila maua yetu mengi yanakwepa jua lile baya.

Dalali wa Buhongwa

Nansio, ndiyo maana mwezi wa nane na wa tisa mnanijazia matenga mpaka nakosa pa kuyaweka. Wote mnavuna pamoja. Bei inaanguka. Anayetaka hela lazima avune wakati wengine wameshindwa, na wengine wanashindwa kwenye jua na kwenye mvua.

Nansio Moja

Kweli. Tunachagua kati ya jua na bei.

Jabali la Igombe

Hapo ndipo mbegu ya joto inapolipa, na ni hapo tu. Anayepanda mwezi wa tano hana sababu ya kununua chotara ya bei kubwa kwa ajili ya joto. Anunue kwa ajili ya rasta. Nyamhongolo, wewe unayetaka Krismasi ndiye mwenye shida yenyewe: hesabu ya Nansio ukiigeuza nyuma, maua yako yatafunguka mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mwanzo yatapigwa na jua, mwisho yatapigwa na mvua. Kwako naangalia mambo mawili kwa mpigo, kushika matunda na mnyauko.

Afrika Magharibi wana mbegu kama Mongal F1, inasifika kwenye nyanda za joto na unyevu na kwa kuhimili mnyauko wa bakteria. Ukikuta ya namna hiyo ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ile ya kukwangua namba na kuhakiki kwa simu, ijaribu kwa mistari michache. Isiyo na lebo usiiguse hata ikisifiwa vipi.

Fundi Kitalu

Au abebeshe. Miche ya nyanya inabebeshwa juu ya shina la mbilingani au la nyanya yenye kinga. Hao hao World Vegetable Center wanapendekeza mbilingani EG203 na nyanya Hawaii 7996 kama shina la chini. La mbilingani lina faida ya ziada, linavumilia maji kutuama siku kadhaa, na wewe uko karibu na mkondo. Kazi yake ni uangalifu tu: miche ya unene sawa, wembe safi, kibano, halafu siku kama saba kwenye kivuli chenye unyevu. Juu unaweka mbegu yoyote unayoipenda, hata ile laini ya Mama Ntilie.

Mama Ntilie wa Kirumba

Huyu fundi ndiye mwanangu.

Ng'wana Kwimba

Fundi, kumbuka kubebesha hakubadilishi ua. Mizizi itapona, ila kama juu umeweka mbegu isiyoshika kwenye jua, vichala ni vitupu vile vile.

Fundi Kitalu

Sahihi. Ni tiba ya chini, siyo ya juu.

nyamhongolo_boy

Wakuu swali la mwisho la kijinga. Nikipata chotara iliyoshika vizuri, kwa nini nisikamue mbegu zake nipande tena? Pakiti moja bei yake inauma.

Bwanashamba Mstaafu

Siyo la kijinga. Mbegu za F1 ukizikamua, kizazi kinachofuata kinasambaratika: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja na tunda kubwa, mwingine hana kinga yoyote. Kwa mtu anayeuza matenga, hasara.

Lakini kwa mwenye subira, huo mchanganyiko ndio mgodi. Unapanda nyingi, unaacha jua lizipige wakati wa maua, unafunga uzi mwekundu kwenye mche, siyo kwenye tunda, ule ulioshika vizuri kichala cha tatu na cha nne huku jirani zake wamepukutisha. Unakamua huo peke yake, unavundika mbegu kwenye maji yake siku 2 au 3, unaosha, unakausha kivulini. Msimu unaofuata hivyo hivyo. Nyanya inajichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo vizazi kadhaa mbele unapata kitu kilichotulia. Ni kwa matumizi yako. Kuuza mbegu kuna sheria yake.

Sasa wengi wanafanya hivyo kwenye Tanya au Cal J na hawaoni mabadiliko. Sababu ni kwamba mbegu hizo zilishatulia, mche mmoja na mwingine ni karibu kitu kimoja. Ukichagua ndani ya zinazofanana, unachagua mahali palipopata samadi zaidi.

Ng'wana Kwimba

Hiyo sentensi ya mwisho niliitafuta miaka.

Nansio Moja

Mleta uzi, umesema tuhesabu vichala. Hebu tuambie unahesabuje, maana ukisema tu "zinashika kwa kiasi cha kuridhisha" na wewe umekuwa kama pakiti.

Jabali la Igombe

Haki kabisa, Nansio.

Weka mbegu mbili au tatu pamoja na ile uliyoizoea, usiiache nje hata kama umeichoka, ndiyo kipimo chako. Zisie siku moja. Shambani usiweke kila mbegu upande wake, kwa sababu upande mmoja una jabali na mwingine una maji. Gawa mstari mmoja vipande, kila mbegu ipate miche kumi, halafu rudia kwenye mstari mwingine kwa mpangilio tofauti. Mbolea ile ile, maji yale yale.

Kichala cha kwanza usikihesabu, kinategemea sana mche uliumia kiasi gani wakati wa kuhamishwa. Anza na cha pili mpaka cha nne. Siku maua ya kichala yamefunguka yote, yahesabu, andika kwenye kibao cha mche. Wiki mbili baadaye rudi uhesabu vitunda vilivyofika ukubwa wa punje ya hindi. Vile vidogo vigumu ambavyo vimekaa tu havikui, usivitie kwenye hesabu, havina mbegu ndani na havitanenepa. Gawa matunda kwa maua. Pembeni andika joto la kipimajoto cha mzee kwa wiki mbili kabla ya maua, siyo la siku ya maua.

Ukimaliza, kata matunda machache katikati. Yakiwa na uwazi, nyama imeachana na ukuta, chavua haikutosha hata kama kwa nje yanapendeza. Dalali atayajua kwa uzito. Na hesabu miche iliyobaki hai mwisho wa mchumo, kwa ajili ya ile hoja ya Kwimba.

Dalali wa Buhongwa

Nyanya yenye uwazi naijua kabla hata sijaishika, inalia ukiitikisa tenga.

nyamhongolo_boy

Miche kumi kila mbegu, mara mistari miwili, mbegu tatu pamoja na Tanya... hiyo ni themanini. Eneo ninalo, shida ni wavu wa kivuli. Nikifunika huo mstari wa majaribio si nitakuwa nimeharibu?

Jabali la Igombe

Utakuwa umeharibu. Funika shamba lako la kuuza. La majaribio liache jua lipige.

Nansio Moja

Na usiliweke kule mkondoni, kaa nje ya zile mita 60 za hifadhi ya ukingo wa maji. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda bustani nyingi za pembeni zilikwenda na kila kitu, na sheria ya mazingira nayo ipo tangu 2004.

nyamhongolo_boy

Sawa wakuu. Nani ana Tengeru 97 yenye lebo? Duka nililoulizia jana Igoma wamesema imeisha.

Ng'wana Kwimba

Njoo PM, kuna duka Magu mjini juzi niliiona.